Siku Kompyuta Ilipokiita Kijiji Kizima Ndivani

Hadi leo nikipita na debe langu la mahindi pale kwenye mashine ya kusaga, lazima mama mmoja akohoe, kikohozi cha makusudi kabisa, halafu wenzake wanaziba midomo kwa kanga. Mimi najifanya nasoma bei iliyoandikwa ukutani. Jamani, aibu yangu ilitangazwa kwa spika ikasikika mlima mzima, sasa nikisema niifiche, nitakuwa namficha nani? Bora niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaanzia mwishoni ambako wanachekea, hawasemi ilianzaje.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa aibu. Nikiitwa mbele ya watu miguu inakuwa kama nimeazima. Nilipomaliza darasa la saba sikuendelea, nikakaa msimu mmoja Same mjini kwa Tumsifu, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye ana steshenari karibu na stendi. Nilianza kwa kufagia, nikaishia kuchapa barua za watu na kutoa kopi. Nikaipenda kompyuta kwa sababu moja tu, haikutazami usoni. Niliporudi nyumbani mlimani, upande wa Vudee, kamati ya maji ikanikabidhi laptopu yao ya zamani, iliyoletwa na mzaliwa wa kwetu anayeishi Dar. Tumsifu aliiwekea mfumo wa Linux (alisema flashi za watu wa kwetu zina virusi wengi kuliko mbu wa bondeni, na Linux haisumbuliwi nao), akanifundisha amri chache za kuandika kwenye lile dirisha jeusi, basi nikawa ndiye fundi.

Maji yetu ya kumwagilia yanakusanywa ndivani, yaani bwawa la mawe na udongo walilolichimba mababu. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka mferejini kwa zamu. Shamba la mama yangu ndilo la mwisho mferejini. Mwaka ule ukuta wa ndiva ulikuwa unavuja, maji yakawa yanaishia kwa jirani yetu wa juu, na maharage ya mama yalishaanza kukunja majani. Jioni mama alikuwa anasimama pale mwisho wa mfereji anatazama udongo mkavu kama mtu anayesubiri mgeni.

Kamati ikapanga msaragambo siku ya Jumamosi, ile kazi ya wote ambayo kila nyumba inatoa mtu na jembe. Sasa msaragambo unaitwa kwa baragumu, na mpuliza baragumu wetu ni Babu Mbonea, lakini kifua chake kilikuwa kimechoka. Mwenyekiti wa kamati, Mama Niwaeli, akaona mbali, akaniambia nirekodi sauti ya baragumu wakati babu bado anaweza. Babu akapuliza mara moja, mlio mrefu mzuri kabisa, mwishoni akakohoa. Kikohozi kikaingia humo humo. Niliona aibu kumwambia arudie, kwa hiyo kikabaki.

Na baragumu lina sheria zake. Mlio mmoja mrefu jioni ni kusema kesho kuna kazi. Mlio unaolia ukakatika, ukalia tena ukakatika, hiyo ni hatari, kila mtu atoke hapo alipo na chochote alicho nacho. Babu aliniambia siku ile ya kurekodi, akiwa bado anahema, "Mjukuu wangu, baragumu likidanganya mara moja, mara ya pili hatoki mtu." Nikamwitikia ndiyo babu. (Mimi kwa wazee nasema ndiyo kwa kila kitu, mtaona.)

Alhamisi nikaingia ofisini mapema nijaribu vyombo, nisije nikaumbuka Ijumaa jioni. Vyombo vyenyewe ni vichache: laptopu, mikisa ndogo ya kuchanganyia sauti, yenye adapta ya umeme wa ukutani na waya wa USB wa kuchomeka kwenye laptopu, amplifaya inayotumia betri ya gari, na spika mbili za tarumbeta juu ya nguzo zikitazama mabonde. Nikawasha, nikachomeka, nikabofya baragumu. Kimya. Nikatazama orodha ya vyombo vya sauti, jina la mikisa halipo. Palikuwa na sauti ya bandia tu, ile ambayo kompyuta inapiga kichwani mwake yenyewe na wewe huisikii. Nikachomoa, nikachomeka. Nikahamia tundu la pili. Nikazima laptopu, nikawasha, nikapandisha vitufe vyote vya mikisa hadi mwisho, hata cha maikrofoni, nikasema moja mbili, moja mbili. Hakuna. Chini ya ofisi mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, nje ndege wanaimba, kila kitu kina sauti isipokuwa mimi.

Nikampigia Tumsifu.

"Taa ya mikisa inawaka?"

"Inawaka, ila kama imechoka."

"Taa haichoki, Nakijwa. Inawaka au haiwaki?"

"Inawaka."

"Basi umeme upo. Andika lsusb, itaorodhesha vilivyochomekwa, unisomee kilichotokea."

Nikaandika herufi moja moja, nikamsomea. Mausi ipo, kamera ipo, mikisa haipo.

"Huo ni waya umekufa," akasema. "Tafuta waya mwingine, ule wa printa unaingia. Halafu acha sauti yoyote iwe inajirudia, ukichomeka waya mzima utasikia hapo hapo, usihangaike kubofya bofya."

Sauti yoyote, amesema. Humo kwenye laptopu kulikuwa na nyimbo za kwaya folda nzima. Lakini baragumu lilikuwa limeshafunguliwa tayari, nikaona uvivu wa kutafuta, nikabonyeza lijirudie, nikaacha amplifaya inawaka, nikarudishia mlango nikaenda shule ya msingi kuazima waya wa printa. Mambo yote ninayowasimulia yanatokana na uvivu ule wa kutofungua folda.

Shule iko ng'ambo ya korongo. Mwalimu akanipa waya bila maneno, nikaanza kurudi. Nikiwa chini kabisa korongoni nikasikia mashine ya kusaga imezimwa. Sikutilia maanani, Hamisi msagaji huzima akitaka kubadilisha chekeche. Mara baragumu likalia.

Nawaambia ukweli, sikukumbuka kompyuta hata kidogo. Nilisikia baragumu kama mtoto yeyote wa mlima ule anavyolisikia, tumboni kwanza halafu masikioni. Mashine ikawaka tena, baragumu likakatika. Mashine ikazimwa, baragumu likalia. Likakatika tena. Likalia. Nikasema moyoni, Mungu wangu, hiyo ni hatari, ndiva imekwenda na mama yuko shambani. Nikatupa waya wa mwalimu kwenye magugu nikaanza kupanda kilima mbio.

Nilikuwa nimefika katikati ya mteremko baragumu lilipomaliza mlio wake, halafu juu ya mlima wote, kutoka kwenye spika mbili, mtu akakohoa.

Hapo ndipo niliposimama. Kile kikohozi nilikifahamu. Na mwenye kikohozi mwenyewe alikuwa anakuja kwa njia ile ile, kanzu ameikunja kiunoni, jembe begani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nakijwa, baragumu langu nimeliacha ukutani, nani huyu anayepuliza kama mimi?"

Nikatazama jembe lake.

"Ni ndiva? Imepasuka?"

Ndugu zangu, hapo nilikuwa na neno moja tu la kusema, neno dogo, hata mtoto anaanza nalo kabla hajajua kutembea. Nikasema, "Ndiyo, babu."

Akageukia bonde akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo, "Ndiva imepasuka, Nakijwa ameiona kwa macho yake." Na mwingine akaipokea ng'ambo, akaipeleka mbele, na ilipofika kwa wa tatu nikasikia kwamba nimeponea chupuchupu.

Basi nikakimbilia ofisini wakati kijiji kizima kinakimbilia upande wa pili. Tunapishana. Huyu na koleo, huyu na panga, huyu na karai, dada mmoja amesukwa nusu kichwa na nusu nyingine imesimama, Hamisi msagaji mweupe kwa unga kama mtu wa maonyesho, mashine amefunga kabisa. Kila mmoja ananiuliza, "Ni kweli?" na mimi shingo yangu, ambayo haijawahi kunitii, inaitikia kwamba ni kweli.

Nilipofika nikazima baragumu. Mlima ukanyamaza. Nikatazama orodha ya vyombo, mikisa ipo, jina lake kamili, imetulia kama haikuwahi kuondoka. Na sikuwa nimegusa waya wowote. Ningekuwa na akili timamu ningejiuliza kwa nini, lakini nilichofanya ni kuegemea meza na kumpigia Tumsifu, simu nimeiweka sauti ya nje kwa sababu kispika chake cha sikioni kilikufa zamani.

"Tumsifu, nimekwisha."

"Nini tena?"

"Baragumu limelia lenyewe. Watu wote wamekwenda ndivani na majembe."

"Kufanya nini?"

"Kuzuia maji. Babu Mbonea aliniuliza kama imepasuka nikasema ndiyo."

"Kwani imepasuka?"

"Haijapasuka, inavuja tu kama siku zote."

"Sasa ndiyo ya nini?"

"Ni mtu mzima, Tumsifu, ningeanzaje kumkatalia? Na Mama Niwaeli ndiyo usiseme, yule mama akinitazama nasahau hata jina langu. Mimi nashuka Same leo hii kabla hawajarudi, nikajifiche kwako chini ya meza ya kopi."

"Ukija uje na maharage."

"Maharage yapi? Yanakauka shambani. Na Jumamosi nani atakuja tena, wataona nimewachezea, mama yangu atakosa kila kitu kwa ajili yangu." Nikaanza kulia. Nikapenga kamasi, tena vizuri, kwa nguvu.

Tumsifu akanikatiza. "Nakijwa, mbona sauti yako inarudi mara mbili? Uko bondeni?"

Nikasikiliza. Kutoka kilima cha ng'ambo nikasikia, taratibu, sauti ya msichana inamaliza kupenga kamasi.

Nikatazama mezani. Maikrofoni ilikuwa karibu na kiwiko changu, na kitufe chake kiko juu mwisho, pale pale nilipokipandisha asubuhi. Halafu kutoka ndivani kikapanda kicheko. Sijawahi kusikia kicheko kama kile, kilikuja kama mvua inavyokuja, kwanza upande mmoja, halafu kikafunika bonde lote.

Nilitaka kupitia migombani niende zangu. Kweli nilitaka, hata kanga niliifunga kisafari. Lakini njia ya kwenda Same inapita juu ya ndiva, hakuna nyingine, kwa hiyo nikachukua jembe la ofisi nisionekane mikono mitupu, nikashuka.

Walikuwa wamesimama kwenye ukuta wa ndiva, wengi, na Babu Mbonea ana matope hadi magotini kwa sababu alikuwa ameshaingia kutafuta palipopasuka. Kijana mmoja akasema, "Safari ya Same imeahirishwa?" Wakacheka tena. Lakini si wote. Baba mmoja alikuwa amekunja uso. "Nimeacha ng'ombe anazaa," akasema, "nimwambie nini huyo ng'ombe?" Wengine wakamuunga mkono, wakasema na hiyo Jumamosi wasihesabiwe, baragumu la kompyuta limeshawadanganya.

Mama Niwaeli akanitazama. "Sema."

"Mama umesikia yote."

"Nilisikia spika. Sijakusikia wewe."

Sijui nilisema kwa sauti gani, mama yangu anasema ilikuwa ndogo lakini ilifika. Nikasema ndiva haijapasuka, nilikuwa najaribu vyombo, baragumu lilitoka bila mimi kujua, lakini ile ndiyo niliyomwambia babu niliisema mwenyewe na haikuwa kweli. Nikasema Jumamosi kazi ipo kweli na maji hayafiki mwisho wa mfereji.

Babu Mbonea akapangusa matope kwenye kanzu. "Baragumu limesema uongo," akasema, bila hasira, "kwa hiyo halitoshi kuita tena peke yake. Ndivyo ilivyo tangu zamani. Aliyelipuliza atapita nyumba kwa nyumba, atawaambia watu kwa mdomo wake."

"Nyumba zote, babu?"

"Kuna nyumba unayotaka kuiruka?"

Wakatawanyika. Natamani niwaambie kwamba kwa kuwa majembe yalishafika walifanya kazi siku ile ile, hadithi ingekuwa tamu. Haikuwa hivyo. Walikuwa na shughuli zao, waliondoka wakicheka au wakinung'unika, na ukuta ukabaki unavuja mbele yangu.

Nikarudi ofisini kukusanya vitu. Mara Hamisi akawasha mashine yake, na mbele ya macho yangu mikisa ikatoweka kwenye orodha. Nikaandika dmesg, ile amri inayoonyesha kompyuta imeona nini tangu iamke, nikakuta imeandika mikisa imeondoka, imekuja, imeondoka, imekuja. Nikasubiri. Hamisi akazima, mstari mpya ukaandikwa: imekuja. Akawasha: imeondoka. Nikatazama ile taa nyekundu, na kweli mashine ikinguruma ilikuwa inafifia. Mashine na ofisi tunatumia laini moja, mashine ikivuta umeme wote, wetu unabaki wa kuwasha taa tu, hautoshi kuamsha mikisa. Waya wetu wa USB haukuwa na kosa lolote. (Ule wa mwalimu nilirudi magugani kuutafuta, nikaupata, nikaufuta kwa kanga.)

Nikampigia Tumsifu, safari hii nimesimama nje kabisa.

"Taa inachoka," nikamwambia, "mashine ya Hamisi ikiwaka."

"Basi usitumie umeme wa ukutani. Betri ya amplifaya ni volti ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Na mikisa inataka ngapi? Geuza adapta usome."

Nayo kumi na mbili. Akanielekeza namna ya kuifunga kwenye betri ile ile, chanya kwa chanya, na kunisisitiza nitazame mara mbili kabla ya kugusisha. Nilipomaliza nikamwomba Hamisi awashe mashine, ikanguruma hadi kikombe kikatembea mezani, na mikisa haikuondoka. Nilikuwa peke yangu, nikacheka mwenyewe.

Lakini Ijumaa ilikuwa inanisubiri. Nilitoka asubuhi. Nyumba ya kwanza nilizunguka mara kadhaa kama mwizi mpaka mbwa akachoka kubweka. Bibi mwenye nyumba akatoka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamasi?"

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo ndiyo ni ya kweli au ni kama ile uliyompa babu?"

Nikacheka, sikuweza kujizuia, na nilipomaliza kucheka nikakuta maneno yametoka: kesho msaragambo, bibi, ndivani, njooni na majembe. Akanipa uji. Nyumba ya pili wakaniiga namna ninavyolia, wakanipa ndizi. Kufikia mchana nilikuwa na tumbo limejaa na sauti imefunguka kidogo. Kwa yule baba mwenye ng'ombe hapakuwa na uji. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza, "Umemaliza?" nikasema nimemaliza, akaingia ndani. Nilichungulia zizini nikiondoka, ndama alikuwepo, amesimama vizuri. Jioni nikapiga baragumu mara moja, mlio mmoja mrefu na kikohozi chake, nikazima kila kitu, nikatazama kitufe cha maikrofoni mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumamosi mimi na mama tulifika ndivani ukungu bado umelala juu ya maji. Hapakuwa na mtu. Mama akaweka jembe chini akalikalia mpini. Mimi nilisimama, nikahesabu moyoni wale waliocheka na wale walionuna, nikaona walionuna ni wengi. Tukakaa hivyo. Halafu nikasikia jembe linagonga jiwe njiani, akatokea Babu Mbonea. Nyuma yake Hamisi, bila unga. Halafu wale kina mama wa uji, halafu vijana, wanakohoa wote kwa pamoja kama kwaya. Na mwisho, ukungu ulipoinuka, yule baba wa ng'ombe akashuka na koleo, hakunisalimia, akaenda moja kwa moja mahali ukuta unapovuja akaanza kuchimba.

Udongo wa mfinyanzi ulibebwa kwa vichwa, ukashindiliwa kwa miguu, mawe yakapangwa. Zamu yetu ilipofika wiki iliyofuata, maji yalikuja mferejini taratibu, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaingia shambani kwetu. Mama alivua ndala akasimama katikati ya tuta. Maharage mengine yalikuwa yameshakufa, siwezi kusema uongo tena. Mengi yaliamka.

Mimi nimejifunza, na nimeapa. Sitajaribu spika kwa sauti ambayo watu wanaitii, hata kama imeshafunguliwa na folda ya kwaya iko mbali. Na mzee akiniuliza jambo ambalo sina hakika nalo, simwitikii tena kwa haraka. Hapana bado inanikwama kooni, nikiri tu. Lakini nimeanza na "subiri kidogo, babu," na hiyo inatoka vizuri.